Mwongozo Kamili: Namna ya Kujenga Insha ya Uchambuzi wa Matumizi ya Lugha

Swali linasema, "Chambua matumizi ya lugha katika matini hii," na majibu yanayokuja yanafanana kama yametoka kwenye daftari moja. Tashbiha ipo, mfano huu hapa. Tashihisi ipo, mfano huu hapa. Takriri ipo, mfano huu hapa. Mwishoni: "Kwa ujumla mwandishi amefaulu kutumia lugha kwa ustadi mkubwa."

Mwanafunzi amejaza kurasa tatu, tamathali zote, yaani mbinu kama hizo za kupamba usemi, amezitambua sawasawa, na alama bado ni za katikati. Inauma, kwa sababu kazi ameifanya kweli. Ila aliyoifanya ni kazi ya kuorodhesha, na aliyoulizwa ni ya kuchambua.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, kwa wanaojiandaa na Karatasi ya Tatu ya Fasihi kule Kenya, na kwa walioingia mwaka wa kwanza chuoni wakakuta swali lilelile limevaa nguo mpya. Unahusu muundo wa insha tu. Msimamo wangu ni huu: insha ya namna hii hujengwa kwa hoja kuhusu kazi ambayo lugha inaifanya. Tamathali, viambishi, nafsi na urefu wa sentensi ni ushahidi wa hoja hiyo, kwa hiyo haviwezi kuwa ndiyo mafungu ya insha.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Matini yenyewe kwenye karatasi unayoweza kuichora. Kama kitabu ni cha maktaba, piga fotokopi au nakili kifungu kwa mkono, ukiacha mstari mmoja wazi kati ya mistari.
- Swali, limenakiliwa neno kwa neno juu ya karatasi.
- Kalamu za rangi mbili na penseli.
- Kamusi nzuri ya Kiswahili.
- Karatasi tupu ya kuchora jedwali la safu tatu.
- Muda wa kukaa mara mbili. Kikao cha kwanza ni cha kusoma na kupanga, cha pili ni cha kuandika.

Orodha ya tamathali za semi yenye maana zake iweke mbali kwa sasa. Ukiwa nayo mkononi utaisoma matini kama mtu anayetafuta vitu vya kuwekea alama ya vema, na hapo ndipo insha huanza kuharibika.

## Matini tutakayoitumia

Nimetunga matini mbili fupi kwa ajili ya zoezi hili ili hatua zote zionekane juu ya kitu kimoja. Ya kwanza ni tangazo lililobandikwa sokoni:

> "Wafanyabiashara wadogo wote mnajulishwa kwamba imeamuliwa eneo hili lifanyiwe usafi na maboresho. Vibanda vitaondolewa kuanzia Jumatatu. Watakaoathirika watatafutiwa maeneo mbadala kadiri hali itakavyoruhusu. Tunaomba ushirikiano wenu kwa maendeleo yetu sote. Atakayekaidi, hatua kali zitachukuliwa dhidi yake."

Ya pili ni maneno ya mama mmoja muuza chakula, akisimama kwenye mkutano siku mbili baadaye:

> "Nani ameamua? Karatasi haina jina. Kibanda hiki mnachokiita uchafu kimesomesha watoto wanne. Mimi nimepika hapa, nimeuguza hapa, nimezika mume nikarudi hapa. Leo mnatuambia mtatusafisha. Kwani sisi ni masizi?"

Swali letu: "Linganisha namna lugha inavyotumika katika matini hizi mbili."

## Hatua ya 1: Lifungue swali

Pigia mstari kitenzi cha swali, kwa sababu ndicho kinachoamua umbo la jibu. "Taja" na "bainisha" vinataka orodha yenye mifano. "Fafanua" kinataka maelezo ya kila kitu ulichotaja. "Chambua" na "jadili" vinataka hoja inayotetewa. "Linganisha" kinataka matini zote mbili zionekane katika insha nzima. "Tathmini" kinataka uamuzi wako na sababu zake.

Kisha pigia mstari mipaka. Je, umeulizwa lugha, au fani nzima? Fani inabeba muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Wengi huulizwa lugha wakaanza kueleza mandhari na wahusika, na aya hizo mbili zinakwenda bure.

Tahadhari: Swali likisema "Bainisha tamathali mbili za usemi katika dondoo hili," usiliandikie insha. Taja, toa mfano, eleza, songa mbele. Mwongozo huu ni wa swali linalotaka insha.

Umefaulu ukiweza kulisema swali kwa maneno yako mwenyewe katika sentensi moja bila kupunguza kitu. Letu: ninaonesha tangazo linafanya nini kwa lugha, mama anafanya nini kwa lugha, na tofauti hiyo ina maana gani.

## Hatua ya 2: Soma mara tatu, kalamu ikiwa chini mara ya kwanza

Mara ya kwanza soma kimya ili ujue nini kimetokea. Mara ya pili soma kwa sauti. Hili wanafunzi wengi hulipuuza, nami nalisisitiza kuliko jingine lolote katika hatua hii: sikio hugundua takriri, sentensi fupi zinazogonga, na mahali ulimi unapokwama kabla jicho halijaona kitu. Soma tangazo kwa sauti na utasikia sauti isiyo ya mtu. Soma maneno ya mama na utasikia pumzi.

Mara ya tatu shika kalamu, na weka alama popote ulipohisi kitu: mshangao, hasira, mashaka, ubaridi. Usitafute jina la mbinu bado. Andika pembeni neno moja tu, kama "baridi", "inatisha" au "nani huyu?"

Sababu: Ukianza na jina la mbinu, utaona zile tu ulizofundishwa. Ukianza na ulichohisi, utalazimika kuuliza ni kitu gani katika lugha kilichokufanya uhisi hivyo, na swali hilo ndilo uchambuzi.

## Hatua ya 3: Kusanya ushahidi katika jedwali

Chora safu tatu. Ya kwanza: maneno yenyewe. Ya pili: ni nini kilugha. Ya tatu: kinafanya kazi gani hapa. Safu ya tatu ikibaki tupu, mstari huo hauingii kwenye insha hata kama tamathali yake ni nadra na inapendeza.

Hapa ndipo pa kupachimba. Wanafunzi wetu wamefundishwa kuwinda tamathali, na tamathali ni sehemu tu ya lugha. Kiswahili huweka maana nyingi ndani ya kitenzi, na kitenzi kimoja kikifunguliwa vizuri kinaweza kuzaa aya nzima. Pitia matini kwa maswali haya:

Nani anatenda? Angalia kauli za vitenzi. Katika tangazo letu kuna vitenzi sita vyenye kiambishi cha kutendwa -w-: *mnajulishwa, imeamuliwa, lifanyiwe, vitaondolewa, watatafutiwa, zitachukuliwa*. Hakuna hata kimoja kilichofuatwa na "na fulani". Kuna pia *watakaoathirika*, kauli ya kutendeka, ambayo inafanya madhara yaonekane kama yanatokea yenyewe. Sasa tafuta watu wanaotenda kwa vitenzi vyao wenyewe. Wapo wawili tu: *tunaomba* na *atakayekaidi*. Yaani mamlaka inaonekana pale inapoomba, raia anaonekana pale anapokosea, na anayebomoa haonekani popote. Hakuna tashbiha wala sitiari katika hayo yote, na bado ndiyo ushahidi mzito kuliko wote katika matini hii.

Nani anasemeshwa, na nani yumo ndani ya "sisi"? Fuatilia viambishi vya nafsi. Tangazo linaanza na *mnajulishwa*, linahamia *watakaoathirika* kana kwamba ni watu wengine, linarudi kwa *ushirikiano wenu*, linawakumbatia kwa *maendeleo yetu sote*, kisha linamtenga mmoja: *atakayekaidi*. Msomaji amevutwa ndani na kusukumwa nje katika sentensi tano.

Maneno yamechaguliwa kutoka wapi? *Usafi*, *maboresho* na *maeneo mbadala* ni maneno ya ofisini, na hapa yamekaa mahali pa "kubomoa" na "kufukuza". Hiyo ni tafsida, kusema jambo kali kwa maneno laini. *Masizi* limetoka jikoni.

Sentensi zina umbo gani? Linganisha sentensi ya kwanza ya tangazo na "Karatasi haina jina."

Njeo (viambishi vya wakati) na viungo vya vitenzi vinasema nini? Katika *nimezika mume nikarudi hapa*, kiambishi -ka- kinaunganisha mazishi na kurudi kazini bila pumziko lolote katikati. Mama hajasema kwamba hakupata nafasi ya kuomboleza. Sarufi imesema kwa niaba yake.

Ngeli zimechezewa? Katika matini nyingine utakutana na mtu anayeitwa *kijitu* na kupewa upatanisho wa ki-: "kijitu kile kilikuja." Hapo udunishi umefanywa na upatanisho wa kisarufi, na unastahili aya. Usiupite kwa sababu haumo kwenye orodha ya tamathali.

Tamathali zipi zipo? Sasa ziulize. *Kibanda kimesomesha watoto wanne*: tashihisi, kitu kimepewa kazi ya mtu. *Hapa… hapa… hapa*: takriri. *Kwani sisi ni masizi?*: balagha (swali lisilohitaji jibu) iliyobeba sitiari (watu kuitwa kitu kingine). Zimekuja mwisho kwa makusudi, ili zikute hoja tayari inaota.

Nini hakikusemwa? Tangazo halina jina, halina tarehe ya mwisho ya kutafuta hayo maeneo, halina mahali pa kupeleka malalamiko.

Tahadhari kwa wanaochambua ushairi: Kabla hujadai kwamba mshairi amegeuza mpangilio wa maneno ili kutia mkazo, hesabu mizani na angalia vina. Katika tarbia ya kimapokeo yenye mizani 16 kwa mshororo, 8 ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 utao (nusu ya pili), kuboronga sarufi (kugeuza mpangilio wa maneno), inkisari (kufupisha neno) na mazida (kurefusha neno) mara nyingi ni kwa ajili ya kutimiza mizani au kina. Hilo halikukatazi kuona mkazo, ila uoneshe kwamba umeiona sababu ya umbo kwanza. Msahihishaji ataheshimu tahadhari hiyo.

Umefaulu ukiwa na mistari kati ya minane na kumi na mbili yenye safu zote tatu zimejaa, na angalau nusu yake si tamathali.

## Hatua ya 4: Tunga hoja kuu

Soma safu ya tatu peke yake, kutoka juu hadi chini. Maneno yataanza kujirudia. Katika jedwali letu yanajirudia *inaficha*, *inalainisha*, *inarudisha*, *inataja*. Marudio hayo ndiyo hoja yako inayotaka kutoka.

Andika sentensi moja, mbili zikizidi:

> Tangazo linamficha mwenye uamuzi nyuma ya vitenzi visivyo na mtenda na maneno laini ya ofisini, ilhali mama anajenga jibu lake kwa kurudisha kila kilichofichwa: mtenda, mahali, na watu wenyewe.

Ijaribu kwa maswali matatu. Je, inasema kitu kuhusu lugha, au ni dhamira tu? "Matini zinaonesha uonevu wa wachuuzi" ni dhamira. Je, mtu mwingine mwenye akili anaweza kuipinga? Anaweza kusema tangazo limeandikwa kwa sajili (mtindo wa lugha wa mahali fulani) ya kawaida ya ofisi na halifichi chochote, na hiyo ni dalili nzuri, maana una kitu cha kutetea. Je, unaweza kuihamishia kwenye matini nyingine bila kubadili neno? Kama ndiyo, itupe. "Mwandishi ametumia lugha nyepesi na inayoeleweka" inafaa kila kitabu duniani, kwa hiyo haimwambii msomaji chochote kuhusu hiki.

Tahadhari: Usikimbie hatua hii kwa sababu mkono unawasha kuandika. Nusu saa hapa inaokoa saa mbili huko mbele. Insha isiyo na hoja kuu haiwezi kutengenezwa kwa kusahihisha herufi.

## Hatua ya 5: Panga mafungu kwa hoja

Mpangilio unaoangusha wengi ni huu: aya ya tashbiha, aya ya tashihisi, aya ya methali, aya ya misemo. Ukiupanga hivyo, matini inageuka kuwa ghala la mifano, na huwezi kuonesha jinsi nafsi, kauli na tamathali zinavyoshirikiana katika sentensi moja.

Igawe hoja kuu vipande vitatu au vinne, na kila kipande kiwe sentensi kamili yenye kitenzi. Kwa matini zetu:

1. Vitenzi vya tangazo vinaondoa mtenda, isipokuwa pale mtenda anapoomba au anapotishwa.
2. Maneno laini na "yetu sote" yanafanya kubomolewa kuonekane ni huduma.
3. Mama anamdai mtenda na kumweka mbele ya watu kwa nafsi ya pili.
4. Kibanda, "hapa" na masizi vinarudisha maisha kwenye kile ambacho tangazo limekiita "eneo".

Soma vichwa hivyo vinne mfululizo. Vinasimulia hoja nzima hata bila maelezo. Kama vyako vikisomwa mfululizo vinasikika kama orodha ya vitu sokoni, rudi Hatua ya 4.

Mpangilio mwingine unaoruhusiwa ni wa kufuata matini kutoka mwanzo hadi mwisho. Unafaa pale ambapo lugha inabadilika njiani, mfano hotuba inayoanza kwa upole na kuishia kwa vitisho. Hatari yake ni kwamba unateleza kirahisi ukaanza kusimulia.

Kwa swali la kulinganisha, usiandike nusu ya kwanza matini A na nusu ya pili matini B bila daraja. Ukilazimika kuanza na A peke yake, kama nilivyofanya hapo juu, hakikisha kila aya ya B inarudi kwa jina kwenye neno la A.

## Hatua ya 6: Andika aya za kati kwanza

Utangulizi utasubiri. Hujui unachokitambulisha mpaka ukiandike.

Hii ndiyo aya ninayoikuta mara nyingi:

> Mwandishi ametumia balagha. Balagha ni swali ambalo halihitaji jibu. Kwa mfano, "Kwani sisi ni masizi?" Hii inaonesha kwamba mwandishi ametumia lugha kwa ustadi na kuifanya kazi yake ivutie.

Kila sentensi ni ya kweli, na hakuna hata moja inayochambua. Fasili ya balagha msahihishaji anaijua. "Inavutia" haisemi inamvutia nani, wala kwa kumfanya aone nini.

Sasa soma aya ya kipande cha tatu:

> Mama anaanza kwa kumdai mtenda ambaye tangazo limemficha. Tangazo linasema "imeamuliwa", kitenzi ambacho kiambishi chake cha mwanzo i- hakimrejelei mtu yeyote. Yeye anauliza "Nani ameamua?", kitenzi kilekile, ila sasa kinadai mwenyewe. Hapati jibu, na anaeleza kwa nini: "Karatasi haina jina." Kuanzia hapo anawataja watenda yeye mwenyewe kwa nafsi ya pili wingi, "mnachokiita", "mnatuambia", "mtatusafisha", mpaka kilichokuwa uamuzi usio na mwenyewe kinakuwa kitendo cha watu waliopo mkutanoni. Katika kitenzi cha mwisho, kiambishi -tu- kinabadilisha pia anayetendwa: tangazo lilitaja kusafisha "eneo", yeye anasikia kwamba wanaosafishwa ni watu. Ndiyo maana swali la mwisho, "Kwani sisi ni masizi?", lina uzito. Limechukua neno la jikoni kwake, kitu kinachokwanguliwa na kutupwa, na kuwalazimisha wasikilizaji waone kile ambacho neno "usafi" lilikuwa limekifunika.

Angalia ilivyojengwa. Sentensi ya kwanza ni kipande cha hoja. Hakuna jina la mbinu ndani yake, kuna kitendo: *anamdai*. Ushahidi umekuja kwa nukuu fupi fupi, nyingine neno moja, na kila nukuu imefuatwa papo hapo na kazi yake. Kiambishi kimefunguliwa pale kilipokuwa na la kusema. Balagha imekuja mwishoni, baada ya kutengenezewa njia, na neno "balagha" halijatajwa. Ungeweza kulitaja, na mahali pengine litakuongezea alama. Ila aya inasimama bila hilo neno, na hicho ndicho kipimo.

Tumia vitenzi vyenye kazi baada ya nukuu. "Inaonesha" kikirudiwa mara kumi kinachosha na hakisemi kitu. Jaribu: *inaficha, inalainisha, inatenga, inasukuma, inadunisha, inaahirisha, inakwepa, inahimiza, inageuza, inaweka pembeni*. Ukipata kitenzi sahihi, mara nyingi uchambuzi umekwisha kujiandika nusu.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usimsingizie mwandishi nia usiyoweza kuionesha kwenye maneno. "Aliyeandika tangazo anawachukia wachuuzi" huwezi kuithibitisha. "Tangazo halimtaji mtenda hata mara moja pale panapohusu kubomoa" unaweza. Ya pili, usisimulie. Ukijikuta umeandika "kisha", "halafu", "baada ya hapo" mara tatu katika aya moja, umeacha kuchambua na unapiga hadithi.

Umefaulu ikiwa ukizifuta nukuu zote kwenye aya, aya inaanguka. Aya inayobaki imesimama bila nukuu ilikuwa inaongea juu juu.

## Hatua ya 7: Nukuu kwa adabu

Nakili kama ilivyo, hata nukta na herufi kubwa. Nukuu ndefu kuliko mistari mitatu mara nyingi ni uvivu: chagua maneno yanayofanya kazi na uyaingize ndani ya sentensi yako, upatanisho ukikubali. Unapozungumzia kiambishi, kiandike na vistari vyake, -tu-, -w-, -ka-, ili kisomeke kama kipande cha neno. Kwa shairi, taja ubeti na mshororo. Kwa riwaya au tamthilia, taja ukurasa wa toleo unalotumia.

Majina ya mbinu yafuate shule yako. Tanzania utasikia rejesta, Kenya sajili. Chagua moja na ubaki nayo mpaka mwisho.

## Hatua ya 8: Sasa andika utangulizi

Sentensi tatu hadi tano zinatosha. Taja matini na aina yake, muktadha unaohitajika tu ili msomaji asipotee, kisha hoja kuu. Usianze na "Lugha ni mfumo wa sauti nasibu…" isipokuwa umeulizwa maana ya lugha. Usiandike wasifu wa mwandishi, alizaliwa wapi na alisoma wapi.

> Tangazo la sokoni na maneno ya muuza chakula yanahusu jambo moja, kuondolewa kwa vibanda, lakini kila moja limelijenga kwa lugha yake. Tangazo linamficha mwenye uamuzi nyuma ya vitenzi visivyo na mtenda na maneno laini ya ofisini. Mama anajibu kwa kurudisha kila kilichofichwa: mtenda, mahali, na watu wenyewe.

Imetosha. Msahihishaji anajua unakokwenda.

## Hatua ya 9: Hitimisho lisirudie utangulizi

Msomaji amekusoma dakika mbili zilizopita, hajasahau. Tumia aya ya mwisho kusema kitu ambacho kimewezekana kusemwa sasa tu, baada ya ushahidi wote. Kwa matini zetu ningeandika kwamba mama hakuleta taarifa mpya hata moja kuhusu uamuzi wenyewe. Alichokifanya ni kulisoma tangazo kwa makini mbele ya watu, na jibu lake limetokana na sarufi ya tangazo hilohilo. Hiyo ni hatua moja mbele ya hoja kuu, na bado imekaa ndani ya lugha.

Epuka kugeuka mhubiri. "Kwa hiyo serikali iwajali wachuuzi" inaweza kuwa kweli kabisa, lakini hukuulizwa.

## Hatua ya 10: Sahihisha kwa raundi tatu

Usisahihishe kila kitu kwa pamoja.

*Raundi ya hoja.* Soma sentensi ya kwanza ya kila aya tu. Zinafuatana? Kuna mbili zinazosema kitu kilekile? Ziunganishe.

*Raundi ya ushahidi.* Kwa kalamu ya rangi moja pigia mstari nukuu zote, kwa nyingine maelezo ya kazi zake. Rangi ya maelezo inapaswa kuwa nyingi zaidi. Aya yenye rangi moja tu ina kasoro, nawe unajua ipi.

*Raundi ya lugha yako.* Soma kwa sauti. Angalia upatanisho wa kisarufi, hasa pale sentensi ilipokuwa ndefu na nomino ikawa mbali na kitenzi chake. Angalia "ambayo" na "ambaye". Futa "kwa ustadi mkubwa", "kwa namna ya kipekee" na "amefaulu sana" popote zilipo. Sifa hizo hazina ushahidi, na nafasi zinazochukua ilikuwa ya ushahidi.

## Ukiwa ndani ya chumba cha mtihani

Hatua ni zilezile, zimebanwa. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya (102/3), una saa 2 na nusu kwa maswali 4 yenye alama 20 kila moja, yaani kama dakika 37 kwa swali. Zigawe hivi: dakika 4 kulifungua swali na kusoma dondoo mara mbili, dakika 6 kwa jedwali lililofupishwa kwenye ukurasa wa nyuma, dakika 2 kwa hoja kuu na vichwa vya aya, dakika 20 za kuandika, 5 za kusoma ulichoandika. Mahali penye muda tofauti, tunza uwiano: karibu theluthi moja iishe kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya insha.

Katika chumba cha mtihani, andika utangulizi kwanza lakini uwe sentensi mbili, ya muktadha na ya hoja kuu. Acha mistari mitatu wazi chini yake. Ukiwa katikati ya aya ya tatu, mara nyingi hoja itakuwa imekomaa kuliko ulivyoidhania mwanzo, na utahitaji mahali pa kuirekebisha bila kuchafua karatasi.

Muda ukikuishia kabla ya aya ya mwisho, usiibane kwa kutaja tamathali tano kwa haraka. Chukua nukuu moja iliyobaki, ifungue mpaka mwisho, na uweke nukta.